Mcheza Kwao Hutunzwa: Ni Nani Anayestahili Tuzo ya Ujirani?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wazee wetu walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Neno tuzo, tunalolisikia kila siku redioni, ni ndugu wa neno hilo hutunzwa. Tangu zamani mchezaji wa ngoma au mwimbaji aliyewafurahisha watu alituzwa pale pale uwanjani: mmoja akamtia fedha mkononi, mwingine akamvika kanga. Basi katika methali hii yuko mchezaji, wako watazamaji, na uko uwanja ambao ni wa kwao wote. Methali inatufundisha kwamba tuzo hupatikana kwa urahisi mahali ambapo mchezaji anajulikana. Lakini haisemi neno juu ya mtu achezaye vizuri katika uwanja wa wenzake.

Mtu huyo ndiye ninayetaka kumwandikia habari. Mimi ni mzaliwa wa Kariakoo, Dar es Salaam, na pale kwetu ni shida kusema uwanja ni wa nani. Ukimwuliza mtu asili yake, ama yeye, ama baba yake, ama babu yake, alifika akiwa mgeni.

Sababu ya kufanya uchunguzi huu ni hii. Katika likizo ya Desemba wazee wa mtaa wetu waliwakusanya vijana wakatueleza nia yao. Walitaka kila mwaka itolewe tuzo ndogo kwa mtu aliyesaidia watu wa makabila, dini na mataifa mbalimbali kukaa pamoja kwa wema. Zawadi yenyewe si kubwa: doti ya kanga kwa mwanamke au kikoi kwa mwanamume, pamoja na hati iliyoandikwa kwa mkono. Vijana tuliombwa tutunge masharti, nami nikachaguliwa kuwa karani. Katika kikao cha kwanza yalitolewa mapendekezo manne:

1. Mpokeaji awe mzaliwa wa Kariakoo.
2. Awe raia wa Tanzania.
3. Awe na cheo au kazi inayojulikana, na alete barua ya sifa kutoka ofisi au chama.
4. Mchango wake uwe umeonekana katika sherehe, kama vile ngoma, vyakula na mavazi ya asili.

Mzee mmoja alisikiliza hata mwisho, kisha akasema, "Wanangu, masharti ni mepesi kuyaandika. Nendeni kwanza mkayapime kwa watu ambao mji huu umekwisha kuwapa heshima. Someni vibao vya barabara zenu. Mtu wa barabarani akikataliwa na sharti lenu, rudini mniambie kosa ni la nani."

Agizo hilo ndilo nililolifuata katika makala haya.

MJI ULIOPIGWA MISTARI

Kwanza yatupasa kujua mji wenyewe ulivyokuwa. Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860. Wajerumani waliifanya makao makuu ya serikali yao mwaka 1891, na Waingereza wakaiteka mwaka 1916. Chini ya tawala hizo mbili mji uligawanywa sehemu tatu: Uzunguni karibu na bahari, Uhindini penye maduka, na Uswahilini, yaani Kariakoo na baadaye Ilala. Kanuni zilizoandikwa zilitaja aina ya nyumba zinazoruhusiwa kujengwa kila sehemu. Lakini kila mtu alijua kwamba aina ya nyumba ilifuata rangi ya mwenye nyumba.

Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja mtupu. Uwanja huo ni Mnazi Mmoja. Siku hizi watu hupumzika pale chini ya miti, na Mnara wa Uhuru umesimama pale, lakini shabaha ya kwanza ya uwanja ule ilikuwa kuwatenga watu wa upande huu na watu wa upande ule.

Jina la Kariakoo lenyewe lina habari yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliweka hapo kambi ya wachukuzi. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps, na jina hilo vinywani mwa watu likawa Kariakoo. Wachukuzi wale walikusanywa kutoka makabila mengi, na wengi walikufa kwa maradhi na taabu za safari. Kwa hiyo kila tunapotaja Kariakoo tunawataja, hata bila kujua, watu wasiojuana waliobeba mizigo pamoja.

Tazama tena majina ya barabara: Swahili, Nyamwezi, Sukuma, Somali, Kongo, Pemba, Mafia, Likoma. Ukitembea kwa nusu saa umekwisha kupita visiwani, bara na nchi za jirani. Mji huu ulipigwa mistari na watawala, na waliokaa ndani yake walikuwa wa kila namna. Tuzo ya ujirani inawafaa wale walioivuka mistari hiyo.

SHARTI LA KWANZA: UZAWA

Tulipime sasa sharti la uzawa. Barabara iliyokuwa ikiitwa Kipata ilipewa jina la Kleist Sykes. Huyu alizaliwa mwaka 1894 na kufariki mwaka 1949. Baba yake, Sykes Mbuwane, hakuwa mtu wa nchi hii. Alitoka upande wa Inhambane, Msumbiji, akaletwa na Wajerumani kuwa askari wao. Mtoto wa askari huyo mgeni ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa African Association, chama kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929. Rais wake wa kwanza alikuwa Mwalimu Cecil Matola. Chama hicho ndicho kilichozaa TAA, na TAA ikazaa TANU tarehe 7 Julai 1954.

Mwanawe Kleist, Abdulwahid Sykes, alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo katika miaka ya 1950, na alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU. Sokoni ndipo watu wa kila kabila walipokutana kila asubuhi, na mtu mwenye kusimamia soko hukutana na ugomvi wa kila kabila pia.

Sasa tuseme mwaka 1929 wazee wa mtaa walitangaza kwamba anayestahili heshima ni mtu wa asili ya hapa tu. Kleist angeambiwa, "Baba yako ni mtu wa kuja," na mlango ungefungwa. Chama kilichowafundisha watu wa makabila mbalimbali kujiita Waafrika kingekosa katibu wake.

Labda mtu atajibu kwamba Kleist mwenyewe alizaliwa hapa. Ni kweli. Basi mtazame James Aggrey, ambaye barabara yenye jina lake inapita katikati ya Kariakoo. Alikuwa mwalimu kutoka Ghana, wakati ule ikiitwa Gold Coast, akapita Tanganyika mwaka 1924 pamoja na tume iliyochunguza elimu ya Waafrika. Mtazame na Patrice Lumumba wa Kongo, aliyeuawa Januari 1961. Barabara yenye nyumba ilimozaliwa TANU, ambayo zamani iliitwa New Street, leo ni Barabara ya Lumumba. Mji wetu haukuona aibu kuwaheshimu watu waliozaliwa mbali. Sharti la kwanza limeanguka.

SHARTI LA PILI: URAIA

Sharti hili ni gumu zaidi, na katika kikao chetu ndilo lililoleta mabishano makubwa. Lilikuwa likimgusa mtu tunayemjua. Katika ghorofa moja la mtaa wetu yuko mfanyabiashara Mchina auzaye mabegi kwa jumla. Amejifunza Kiswahili cha sokoni, na mtaani pakitokea msiba hufunga duka lake mpaka mazishi yaishe, kisha hutuma mchele na maji kwa wafiwa. Hakuna aliyemfundisha, aliona majirani wanafanya, naye akafanya. Kijana mmoja alimpendekeza. Mwingine akasimama akasema, "Huyu si raia. Kesho atarudi kwao."

Kila mmoja alikuwa na hoja. Wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo wamelalamika kwa muda mrefu kwamba wageni wenye mitaji mikubwa wanawanyang'anya riziki.  Mwezi wa Julai 2025 malalamiko yalikuwa makubwa hata Serikali ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, na miongoni mwake imo biashara ya rejareja. Ni haki ya nchi kulinda riziki ya watu wake, na anayeishi hapa hana budi kuitii sheria.

Walakini leseni ni kitu kimoja na shukrani ni kitu kingine. Leseni humpa mtu haki ya kufanya kazi kesho. Tuzo humshukuru mtu kwa jambo alilokwisha kulitenda jana. Serikali ndiyo yenye kuamua nani afungue duka, na majirani ndio wenye kujua nani aliketi nao msibani. Mtu akivunja sheria, ana kesi ya kujibu, na tuzo haitamkinga. Akiwa ameishi kihalali na kuwatendea watu wema, kumnyima shukrani kwa sababu ya pasipoti ni kuchanganya mambo mawili.

Swali la uraia na rangi liliisumbua nchi hii hata kabla ya Uhuru. Mwezi wa Oktoba 1961 Baraza la Kutunga Sheria lilijadili sheria ya uraia. Baadhi ya wajumbe walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, aliipinga fikra hiyo kwa ukali, akakataa uraia wa Tanganyika upimwe kwa rangi ya ngozi. Kama uraia wenyewe, ambao ni kitu kikubwa kabisa, haukufungiwa rangi, itakuwaje doti ya kanga ya mtaani ifungiwe pasipoti?

Nasema pia neno juu ya zamu. Baadhi ya wenzetu walipendekeza tuzo izunguke: mwaka huu Mzaramo, mwaka ujao Mhindi, mwaka wa tatu Mchaga, ili pasiwe na manung'uniko. Nia ni njema, lakini tumekwisha kuuona mfumo wa namna hiyo. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. TANU ilikubali kuingia katika uchaguzi huo, baada ya mkutano mkali wa Tabora wa Januari 1958, kwa shabaha ya kuushinda mfumo wenyewe. Tuzo ya zamu humfanya mtu aheshimiwe kwa kuwa ni mwakilishi wa kabila lake, ilhali tunataka kumheshimu kwa alivyowafaa wasio wa kabila lake.

SHARTI LA TATU: CHEO NA BARUA

Sharti la cheo halihitaji maneno mengi. Ukitoka Kariakoo kwenda katikati ya mji, ukiisha kuvuka viwanja vya Mnazi Mmoja, unakutana na barabara kubwa iliyopewa jina la Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Kabla ya siasa watu walimjua kwa sauti yake, maana alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha wanawake kilichoitwa Bomba. Alipoingia TANU mwaka 1955 na kuongoza wanawake, hakuanza na maofisi. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma. Katika vikundi hivyo wanawake wa makabila mbalimbali walikuwa wamekwisha kuzoea kuimba pamoja, kuchangiana fedha na kuzikana. TANU ilipowahitaji, umoja wao ulikuwa tayari.

Kama Bibi Titi angeombwa barua ya ofisi mwaka 1955, ofisi gani ingemwandikia? Serikali ya kikoloni? Barua yake ilikuwa wanawake wenzake.

Hali kadhalika Mzee Mshume Kiyate, aliyekuwa mfanyabiashara wa samaki katika soko la Kariakoo na mmoja wa wazee wa TANU. Mtaa wa Tandamti ulipewa jina lake, ingawa wengi wetu hatujaacha kuuita Tandamti. Alikuwa muuza samaki, na mji ukaona anastahili barabara.

Habari ya Bibi Titi inaleta swali jingine: je, kosa la baadaye hufuta tuzo ya kwanza? Alishtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa, kisha akasamehewa mwaka 1972. Alifariki mwaka 2000. Leo barabara yake inapitwa na maelfu ya watu, na inapita ubavuni mwa uwanja ule ule uliowekwa kuwatenga watu. Naona mji ulijibu swali hili kwa hekima. Hukumu ilikuwa na mahali pake, na kazi aliyoifanya kwa ajili ya umoja haikusahauliwa.

SHARTI LA NNE: SHEREHE

Sina ugomvi na sherehe. Hapa shuleni siku ya utamaduni hutufurahisha sana, na katika bweni letu tumekula vyakula ambavyo wengine hatukuwa tumevisikia. Lakini kumwonyesha mwenzako ngoma yako ni jambo jepesi. Kumsaidia siku ambayo hana la kukulipa ni zito, na ndipo ujirani hujulikana. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Mila zetu zilitambua jambo hili zamani kuliko sisi. Wazaramo, ambao ni wenyeji wa pwani hii, na Wanyamwezi, waliokuja na misafara kutoka bara, ni watani. Watu wengi wa rika langu hudhani utani ni mzaha tu. Mzaha upo, lakini utani una kazi. Panapokuwa na msiba, mtani ndiye anayewachangamsha wafiwa, na kushika kazi ambazo wafiwa hawana nguvu ya kuzifanya. Tazama maarifa yake: siku ya huzuni kubwa, mila haikumwita ndugu peke yake, ilimwita na mtu wa kabila jingine. Ugeni uliokuwa hatari njiani uligeuzwa kuwa wajibu nyumbani.

Mfano wa karibu ni wa tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoanguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 25. Watu wa kawaida waliungana na vikosi vya uokoaji wakafukua kifusi kwa nyundo na kwa mikono. Aliyesikia sauti chini ya zege hakuuliza inasema kwa lafudhi ya wapi.

Hapa namkumbuka bibi mmoja wa mtaa wetu, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hapendi kutajwa. Asili yake ni Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alizaliwa Ujiji, akaja Dar es Salaam akiwa bibi harusi. Hana cheo wala barua, na katika sherehe hukaa nyuma. Lakini yeye ndiye aliyewapokea wapangaji wa kila namna katika nyumba yake ya vyumba sita. Wapangaji wawili, Mkristo na Mwislamu, walipogombana juu ya kelele za ibada alfajiri na usiku, aliwaketisha ukumbini mpaka kila mmoja akamweleza mwenziwe saa zake za kusali. Tangu hapo yule Mkristo humwamsha mwenziwe wakati wa daku. Kwa masharti manne ya kwanza, bibi huyu anakosa matatu. Niliona kwamba masharti yanayomwacha nje mtu kama huyu yatampa tuzo mtu mwingine kabisa, yaani mwenye jina na mwenye nafasi ya kujipigia debe. Na wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

SHAHIDI AWE NANI?

Baada ya kuyapima yote, nimefikia fikra moja ambayo nawaomba wasomaji waichunguze. Sisi tulitumia muda mwingi kuuliza mpokeaji awe nani. Swali lenye faida zaidi ni hili: shahidi wake awe nani?

Napendekeza kwamba mtu asipendekezwe na watu wa kabila lake, wala dini yake, wala taifa lake. Apendekezwe na wasio wake, na wawe angalau wawili. Wahindi wakimsifu Mhindi mwenzao, tumejua kwamba anapendwa na Wahindi. Wachaga wakimsifu Mchaga, hali kadhalika. Lakini mama lishe wa Kisukuma akisimama kumshuhudia mwenye duka wa Kihindi, au mchukuzi wa mkokoteni akimshuhudia yule Mchina, hapo tumepata habari ambayo haiwezi kutoka kwa ndugu.

Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa mahakamani Dar es Salaam kwa ajili ya makala katika gazeti la Sauti ya TANU. Waliosimama kumtetea walikuwa D. N. Pritt, wakili kutoka Uingereza, pamoja na mawakili wa asili ya Kihindi, K. L. Jhaveri na Mahmud Rattansey. Nyerere alitozwa faini. Ukitaka kujua kama Jhaveri alivuka mistari ya mji huu, usiwaulize Wahindi wenzake tu. Waulize watu wa Kariakoo waliokuwa wakingoja hukumu.

Tena shahidi aeleze tendo, si tabia. "Ni mtu mwema" ni maneno matupu. "Mwanangu alipougua usiku, alimpeleka Muhimbili kwa gari lake" ni ushahidi.

Neno la mwisho katika sehemu hii: tuzo isilazimike kuwa ya mtu mmoja. Tutoke Kariakoo kidogo. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa tuzo ya Nansen, itolewayo na shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi. Aliistahili, maana nchi yetu ilifungua milango. Lakini wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972 hawakulala Ikulu. Walipewa ardhi katika mikoa ya magharibi, na wanavijiji wa huko ndio waliopakana nao mashamba miaka yote, mpaka Tanzania ilipoamua, mwaka 2010, kuwapa uraia watu wapatao 162,000 kati yao. Kiongozi alipokea kwa niaba ya wengi. Mtaani kwetu tunaweza kuwataja hao wengi wenyewe: nyumba nzima, kikundi cha kuzikana, au wachuuzi wa kona moja.

MUHTASARI

Masharti nitakayoyapeleka kwa wazee katika likizo ya Juni ni haya:

1. Mpokeaji awe anaishi au anafanya kazi mtaani, popote alipozaliwa, na awe anaishi kwa kufuata sheria.
2. Apendekezwe na watu wasiopungua wawili ambao si wa kabila, dini wala taifa lake.
3. Kila shahidi aeleze tendo moja alilolishuhudia, ikiwezekana la wakati wa dhiki.
4. Cheo, elimu na barua visimwongezee wala visimpunguzie mtu.
5. Mtu asijipendekeze mwenyewe, wala tuzo isitolewe kwa zamu ya makabila, wala isitumike kuombea kura.
6. Kikundi chaweza kupokea kama mtu mmoja.

Najua sharti la pili litawaudhi wengine. Wako watakaosema kwamba bila ndugu zao hakuna atakayewakumbuka. Mtu aliyekaa Kariakoo miaka ishirini, na asipate hata watu wawili wasio wa kwao wa kumshuhudia, huenda ni mtu mwema sana nyumbani kwake, lakini tuzo hii si yake. Methali ilisema mcheza kwao hutunzwa. Kwa tuzo hii tunamtafuta aliyecheza vizuri katika uwanja wa wenzake, na mwenye haki ya kumtuza ni mwenye uwanja huo.

MASWALI YA KUJADILI

Chama cha Mdahalo kimekubali kuyajadili maswali haya muhula huu. Wasomaji wa vidato vyote wanakaribishwa.

1. Je, yule mfanyabiashara Mchina anastahili tuzo? Toa hoja mbili za kukubali na mbili za kukataa.
2. Taja barabara moja ya mji wenu yenye jina la mtu. Alivuka mstari gani, na shahidi wake angekuwa nani?
3. Eleza tofauti kati ya leseni, uraia na tuzo.
4. Kwa nini mila ilimpa mtani kazi wakati wa msiba?
5. Katika bweni lako, ni mwanafunzi gani asiye wa kabila lako wala dini yako ambaye ungemshuhudia? Andika tendo moja alilolitenda. Usiandike sifa.